Jibu: Mimba wiki 9, mimi ni AS (nimebeba kinasaba kimoja cha selimundu, siumwi), nimpime mtoto selimundu tumboni?

Dada, hongera. Kabla ya kuwaza kumpima mtoto, mumeo kapima? Majibu yake yaandikwe AA au AS kabisa, "hana selimundu" haitoshi. Akiwa AA (hana kinasaba hicho), mtoto hawezi kuwa SS (mgonjwa wa selimundu), kipimo sahau.

Mimi na mume wangu wote ni AS, kwa hiyo kila mimba ni 25% kupata SS. Kipimo cha kondo la nyuma ni wiki ya 11 hadi 14, cha maji ya uzazi kuanzia 15. Vyote kwa kawaida ni vya sindano, na mimba huweza kutoka ingawa ni nadra. Tulijiuliza, tukiambiwa SS tutabadili nini? Hakuna. Tukaacha, mtoto akatobolewa kisigino alipozaliwa, damu ikapimwa. Kama kwenu jibu lingebadili kitu, muone daktari wiki hii.