Jibu: Kabla ya kulipia injini ya sataranji, iulize jina lake

Usilipe. Hiyo injini "ya siri ya Kirusi", yaani programu inayokokotoa mikupuo ya sataranji, unayotaka kumnunulia mwanao kwa ajili ya mashindano ya shule, ambayo muuzaji anadai inaipiga ya Kijerumani bila jasho, nina hakika nimekwisha kuilipia mimi, isipokuwa zamu yangu ilikuwa ya Kijerumani na ya Kirusi ndiyo iliyokuwa ikipigwa. Umeuliza pia juu ya kipakatalishi kinachofaa na jinsi ya kumfundisha kijana mianzo ya mchezo. Hayo yatafuata siku nyingine, lakini kwanza tuziokoe fedha zako.

Mimi niliuziwa katika duka moja la kompyuta upande wa Mwembe Tayari, ambalo silitaji jina kwa sababu mwenye duka tunakutana msikitini kila Ijumaa na mimi si mtu wa ugomvi. Nilitoa shilingi 14,000 kwa kisanduku chenye picha ya tai na sahani moja ya CD ndani yake, baada ya bwana yule kunihutubia kwamba injini hiyo imeandikwa na wahandisi wa Hamburg na haipatikani popote kwenye intaneti. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa mbuzi angalau ningemla siku ya Idi.

Siku moja niliifungua folda ya programu na kukuta faili la injini limekaa peke yake kando ya picha za ubao na kete. Nikalibofya, likafunguka dirisha jeusi lisilo na mraba hata mmoja. Nikaandika herufi tatu, uci, nikabonyeza kitufe cha kuingiza, nayo ikajibu papo hapo: id name Stockfish 11, yaani jina la injini ni Stockfish, na chini yake, kwa majina ya waandishi, id author T. Romstad, M. Costalba, J. Kiiski, G. Linscott. Wa Hamburg hayumo. Romstad ni wa Norwei, na injini yake iitwayo Glaurung ndiyo msingi wa yote. Costalba ni Mwitaliano aliyeichukua mwaka wa 2008 na kuiendeleza kwa jina jipya. Kiiski ni wa Ufini. Linscott ndiye aliyeanzisha Fishtest, mtambo unaowawezesha watu wa kujitolea duniani kuazimisha kompyuta zao ili kila badiliko lijaribiwe kwa maelfu ya mechi kabla ya kukubaliwa. Kazi yote hiyo hutolewa bure. Kitu pekee cha Kijerumani nilichokipata ni ile amri ya uci yenyewe, kwani kanuni hiyo ya mawasiliano baina ya injini na ubao wa skrini ilibuniwa mwaka wa 2000 na Stefan Meyer-Kahlen, mwandishi wa injini ya Shredder, pamoja na Rudolf Huber.

Wala leseni ya GPL, leseni ya programu huria ambayo Stockfish imetolewa chini yake, haikatazi kuuza. Inachodai ni kwamba mnunuzi ajulishwe haki zake na apewe msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu, akiutaka. Nilipomrudia bwana yule kuudai, alinijibu kwamba huo hutolewa kwa oda maalumu, kisha akanipa kebo ya USB ya kunituliza. Kebo yenyewe haikumaliza wiki.

Usidhani ni wachuuzi wetu tu. Mwaka wa 2021 wana Stockfish waliishtaki ChessBase, kampuni ya programu za sataranji, huko Ujerumani kwa sababu ya Fat Fritz 2, injini iliyojengwa juu ya Stockfish na kuuzwa, na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, injini ya Rybka ilivuliwa mataji yake ya dunia kwa hoja kwamba ilinakili kutoka injini za Crafty ya Mmarekani Robert Hyatt na Fruit ya Mfaransa Fabien Letouzey, jambo ambalo mwandishi wake alilikana.

Kuhusu injini ya nchi ipi ni bora, swali hilo lilikuwa na maana mwaka wa 1974, Kaissa ya Umoja wa Kisovieti iliposhinda mashindano ya kwanza ya dunia ya programu za sataranji mjini Stockholm. Stockfish 12 ya mwaka wa 2020 iliongezewa mbinu ya NNUE, mtandao wa neva wa kupima hali ya ubao, ambayo Mjapani Yu Nasu aliibuni kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Sasa niambie utaibandika bendera gani.

Kwa hiyo mwambie muuzaji afungue faili la injini mbele ya macho yako, kwenye kompyuta yake, aandike uci. Likitokea jina la Stockfish, rudi nyumbani uipakue bure kwenye tovuti yake, uiweke ndani ya Arena au Lucas Chess, programu zinazoonyesha ubao, ambazo nazo ni za bure. Likitokea jina geni, mdai msimbo chanzo, maana mjanja anaweza kubadilisha hata jina. Na akikwambia kwamba kijana anayejua amri hizo ametoka kwenda kula, usimngojee. Niandikie hapa, nikuelekeze kuipakua usiku huu huu.