Barua kwa mwanangu kuhusu nyumba za Kikwajuni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kujua kwamba u mzima. Umeniuliza kwa nini Wajerumani wa Mashariki walikuja kujenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, Unguja, na kwa nini Mwalimu Nyerere, nchi ikiwa maskini, aliukataa msaada wa Wajerumani wa Magharibi. Maswali yako mawili yana jibu moja, nalo ni Vita Baridi, ule ushindani wa Marekani na Umoja wa Kisovieti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ujerumani iligawanyika, upande mmoja ukawa wa Marekani na washirika wake, wa pili ukawa wa Umoja wa Kisovieti. Serikali ya Bonn, yaani ya Ujerumani ya Magharibi, ilidai kwamba yenyewe pekee ndiyo yenye haki ya kuwasemea Wajerumani wote, na tangu mwaka 1955 ilishika msimamo wa kuvunja uhusiano na nchi itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki. Yugoslavia yaliipata hayo mwaka 1957, na Cuba mwaka 1963. Sasa pima uzito wa hatua ya Zanzibar: mara baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume iliitambua Ujerumani ya Mashariki kabla ya nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wajerumani hao, waliokuwa na kiu ya kutambuliwa, wakaleta wataalamu, vifaa na ramani za nyumba. Marekani nayo, iliyokuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyake vya anga za juu pale Tunguu, ikatakiwa kukiondoa mwaka huohuo.

Muungano wa tarehe 26 Aprili ulileta mtihani, kwa kuwa Bonn ilikuwa na ubalozi Dar es Salaam, na Berlin ya Mashariki ilikuwa na wake Unguja. Bonn ikashinikiza ule wa Unguja ufungwe. Mwalimu akatafuta njia ya kati, kwamba ubalozi huo ufutwe, ila Ujerumani ya Mashariki iruhusiwe kuwa na konseli kuu, yaani ofisi yenye hadhi ya chini ya ubalozi, Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Hapa nakuomba utue kidogo, maana wengi hupapita haraka: Bonn ilikuwa imepewa karibu kila ilichokitaka, na bado haikuridhika. Februari 1965 iliwaondoa ghafla wakufunzi wake waliokuwa wakiandaa kikosi chetu cha anga, na Mwalimu akawajibu kwamba basi wachukue na msaada wao uliosalia. Kazi ya mafunzo ikashikwa na Canada.

Wapo wanaosema kile kilikuwa kiburi, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mfadhili aliyethubutu kuondoa wakufunzi ili atuchagulie marafiki angerudia shinikizo hilo kila tulipotofautiana naye. Isitoshe, Waafrika wenzetu walionja makubwa zaidi, kabla na baada ya hapo. Lumumba, Waziri Mkuu wa Kongo, alipoomba msaada wa Wasovieti mwaka 1960, hazikupita wiki nyingi akapinduliwa, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa. Angola ilipopata uhuru mwaka 1975, Wacuba na Wasovieti walikuwa upande mmoja, Marekani na Makaburu wa Afrika Kusini upande wa pili, na vita hivyo viliendelea kuwaua Waangola hadi mwaka 2002, wakati Umoja wa Kisovieti ulikwisha kuvunjika tangu 1991 na wakubwa wenyewe walikwisha kupatana.

Nisalimie wajukuu wangu.

Baba yako