Uso wa Oh Myeong-hang una weusi na madoa: usafishwe?

SWALI: Ninaandaa nakala kubwa ya picha ya kuchorwa ya Oh Myeong-hang, ofisa wa Korea enzi za ufalme wa Joseon, kwa maonyesho ya chuo chetu. Uso wake ni mweusi na umejaa vidoadoa. Fundi wa picha anasema ni moshi wa ubani na ukungu wa miaka mingi, na programu yake itaung'arisha kwa dakika chache. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Huo ndio uso wa mwenyewe. Oh Myeong-hang aliongoza jeshi la mfalme Yeongjo kuzima uasi wa Yi In-jwa mwaka 1728, akatunukiwa daraja la kwanza la heshima, na mwaka huohuo akafariki. Vidoadoa ni makovu ya ndui. Weusi nao umehusishwa na ugonjwa wa ini. Mchoraji aliviona vyote viwili, akavichora.

Kinachonichosha ni imani kwamba picha ya heshima lazima impambe mtu. Joseon haikuwa hivyo. Picha hizi zilitundikwa kwenye ibada za kuwakumbuka wazee, na kanuni ilikuwa kali: ukikosea hata unywele mmoja, uliyemchora si yeye. Ipo pia albamu ya maofisa wa kijeshi 18 waliofaulu mtihani maalumu wa mwaka 1774, na humo makovu ya ndui yamechorwa waziwazi. Ukiyafuta, ibada anafanyiwa nani?

Kama fundi bado anabisha, kuzeni picha mpaka shavu lijae kwenye skrini. Kovu lililochorwa hufuata umbo la pua na shavu, lina kivuli chake kidogo, na halivuki ukingo wa uso. Ukungu haujui mipaka. Hutoka shavuni ukaingia kwenye joho na sehemu tupu ya hariri iliyochorewa picha, nyuma yake. Kisha tazameni ukosi mweupe wa vazi la ndani. Moshi usingechagua uso ukauacha ukosi. Rangi nyeupe ya madini ya risasi nayo huweza kugeuka nyeusi ikikutana na gesi ya salfa, lakini hapo ukosi ndio ungekuwa wa kwanza kuonyesha.

Programu hizo zinalainisha kila ngozi zinayokutana nayo, na mafundi wengi huita hilo ukarabati. Angalau kwenye nakala unaweza kurudi kwenye faili la mwanzo. Wengine hufanya hivyohivyo kwenye picha halisi! Nimeona watu wakisugua michoro ya zamani kwa kiazi kibichi, mkate, limau, hata maji ya sabuni, kwa sababu mtu fulani alionyesha kwenye video.

Kwenye hariri hiyo ni hatari kubwa. Wachoraji wa Joseon walipaka rangi upande wa nyuma wa kitambaa ili ngozi ionekane hai kutokea ndani, halafu mbele wakamalizia makunyanzi, ndevu na makovu kwa mistari myembamba mno. Rangi imeshikwa na gundi ya mnyama, na gundi hiyo hulegezwa na maji. Ukipangusa mara moja kwa kitambaa chenye maji, kinaondoka na mistari ya mbele, unabaki na uso mtupu usio na mwenyewe. Picha ya zamani ikiwa na doa, iacheni kavu, iondoeni juani, mpelekeeni mhifadhi wa makumbusho. Anayekuahidi kung'arisha kabla hajageuza picha kuutazama mgongo wake, msimpe kazi.