Kabla ya Kuhamia Windows 11, Pima Kwanza Afya ya Diski

Kompyuta ya mezani tunayoitumia nyumbani kwetu Donholm niliinunua mwaka 2022 katika duka moja la Moi Avenue, ikiwa imekwisha kutumika ofisini huko Uingereza, kama zilivyo nyingi zinazouzwa katikati ya jiji la Nairobi. Mke wangu huweka humo hesabu za chama, watoto huifanyia kazi zao za shule, nami huitumia kutafsiri nyaraka, kwa hiyo ikilala siku moja nyumba nzima hutambua. Windows 10 ilipokaribia tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikuwa imeipanga kuwa mwisho wa kuitolea viraka vya usalama bila malipo, niliamua kuihamishia kompyuta hiyo Windows 11, nikitarajia kazi ya jioni moja. Ilinichukua karibu wiki tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo ilipotea kwa sababu nilikuwa nikiutibu mfumo ilhali iliyougua ilikuwa diski.

Usakinishaji ulikuwa ukifika asilimia sitini na kitu, unakwama kwa saa nzima, kisha kompyuta inajizima, inawaka na kurudi Windows 10 kana kwamba hakuna kilichofanyika. Hayo yalitokea mara tatu. Fundi niliyempelekea alisema kwamba "window imekufa", akafuta kila kitu, akaweka mfumo upya na kunitoza ada yake. Siku ya tisa kompyuta ikaanza kukwama tena. Kabla ya kumkabidhi nilikuwa nimenakili picha zetu na hesabu za chama kwenye diski ya nje, na ninashukuru kwa hilo hadi leo, maana yeye hakuniuliza kama nina nakala.

Jambo ambalo sikulielewa wakati huo ni kwamba diski ya kuzunguka inaweza kuwa na sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizoharibika zikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu tu hakuna faili inayosomwa kutoka mahali hapo. Kuhamia mfumo mpya huandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo mmoja, huku mfumo wa zamani ukihifadhiwa kando katika folda ya Windows.old ili uweze kurudi nyuma ndani ya siku kumi. Diski ambayo imekuwa ikijikokota inalazimika kuandika mahali ambapo haijapagusa kwa miaka, na hapo ndipo kasoro hujitokeza. Mwenye kompyuta huona mfumo mpya umekataa, naye huulaumu.

Kuipima diski ni kazi ya dakika chache. Kila diski ya kisasa huweka kumbukumbu za afya yake zinazoitwa SMART, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo huzisoma na kuzionyesha. Tazama mistari mitatu: 05, inayohesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa sababu ya ubovu, C5, inayohesabu sekta zinazosubiri kuamuliwa, na C6, inayohesabu zile zilizoshindwa kurekebishwa. Katika diski ya kuzunguka isiyo na ubovu hesabu hizo huwa sifuri. Yangu haikuwa sifuri katika C5, na kila nilipopima baada ya siku mbili tatu hesabu ilikuwa imepanda. Ukiona hivyo, nakusihi usikimbilie chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski ambayo watu wengi hushauriwa kuitumia. Amri hiyo huilazimisha diski kusoma kila sehemu yake, na diski inayokaribia kufa inaweza kufia hapo hapo ikiwa na faili zako zote. Nakili kwanza vitu visivyoweza kupatikana tena, kisha fanya majaribio.

Niliibadilisha diski ile kwa SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, nikasakinisha Windows 11 kutoka kwenye flashi, na kazi iliyonishinda kwa zaidi ya wiki mbili ikaisha kabla ya chakula cha jioni. Kwa kompyuta ya nyumbani sijui badiliko lingine lenye manufaa makubwa kuliko hili, hata kwa mtu asiyekusudia kubadilisha mfumo. Wengi huogopa kwamba wakibadilisha diski watapoteza leseni ya Windows. Leseni ya kidijitali hufungamana hasa na ubao mkuu wa kompyuta (motherboard), kwa hiyo diski mpya katika ubao uleule kwa kawaida hutambuliwa yenyewe mara kompyuta inapoingia mtandaoni. Flashi iwe na nafasi isiyopungua gigabaiti 8. Faili ya usakinishaji inazidi gigabaiti 5, kwa hiyo asiye na intaneti ya waya nyumbani asiipakue kwa bando za simu. Kuipakua kwenye saiba na kuja nayo katika flashi ni nafuu zaidi.

Kuna jambo la awali ambalo huwazuia watu mlangoni. Windows 11 inahitaji RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuanza pamoja na kompyuta), na chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0. Programu ya PC Health Check iliniambia kwamba kompyuta yangu haifai kwa kukosa TPM, na nusura niamini. Kichakataji changu ni Core i5 ya kizazi cha nane, na kompyuta za namna hiyo huwa na TPM ya ndani kwa jina la PTT, ila ilikuwa imezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mkuu. Niliiwasha, nikahifadhi mabadiliko, na jibu likageuka. Baadhi ya kompyuta zilizotumika huwa pia zimewekewa Windows 10 kwa MBR, mtindo wa zamani wa kuigawa diski, na hizo hazikubali Secure Boot mpaka diski igeuzwe kuwa ya mtindo mpya wa GPT. Amri ya mbr2gpt hufanya hivyo bila kufuta faili, lakini ianze na /validate ili ikague kwanza, na nakala ya faili zako iwe tayari imekaa mahali pengine. Ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba faili, sitisha ulinzi huo na uandike ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote katika BIOS, kwa sababu badiliko dogo la TPM linatosha kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo.

Umeme nao una nafasi yake katika shughuli hii. Stima ikipotea katikati ya usakinishaji, mara nyingi mfumo hujirudisha ulikokuwa. Ikipotea wakati wa kusasisha BIOS, ubao mkuu unaweza usiwake tena. Kwa sababu hiyo kompyuta ya mezani niliiunganisha na UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, na mwenye kipakatalishi ninamshauri aanze betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa. Wanaonunua kompyuta za mezani zilizotoka Marekani watazame nyuma ya kisanduku cha umeme (power supply), kwani baadhi ya vile vya zamani vina swichi ya kuchagua volti 115 au 230, na umeme wetu wa volti 240 hukiunguza kisanduku kilichoachwa kwenye 115.

Wiki kadhaa baada ya kuhamia mfumo mpya, stima ilipotea usiku, na asubuhi kompyuta ikawaka ikisema haioni mfumo wowote wa kuanzisha. Mke wangu aliniuliza kama tumerudi tulikotoka. Safari hii sikugusa Windows. Niliingia katika BIOS na kukuta tarehe imerudi nyuma miaka mingi na mipangilio yote niliyokuwa nimeibadilisha imefutika, na hiyo ni dalili ya kufa kwa betri ndogo ya ubao mkuu. Betri hiyo ni CR2032 ya volti 3, bapa kama sarafu, na hupatikana hata kwa wauza saa. Niliibadilisha, nikarekebisha tarehe, nikarudisha mipangilio, na kompyuta ikaendelea. Dalili hiyohiyo hujitokeza kwa sura nyingine: tovuti nyingi hukataa kufunguka na kivinjari hudai kwamba si salama, kumbe saa ya kompyuta imepotoka tu.

Kuhusu RAM nitasema machache. Skrini za samawati zenye ujumbe tofauti kila mara, au usakinishaji unaokataa kwa sababu mpya kila ukijaribu, hunifanya niishuku kabla ya kitu kingine. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke, kisha ubaki na kipande kimoja cha RAM na kujaribu kimoja baada ya kingine. MemTest86, programu ya kupima RAM, ikiachwa usiku kucha hutoa jibu la kuaminika. Kompyuta inayozimika ghafla inapofanya kazi nzito, bila ujumbe wowote, mara nyingi imepata joto kupita kiasi. Fungua, peperusha vumbi ukiwa umeishika feni isizunguke, na ikibidi ubadilishe dawa ya kupitisha joto juu ya kichakataji.

Kwa anayekwenda mjini kununua kipakatalishi kilichotumika, asikubali kuambiwa "Core i5" bila kizazi chake. Katika i5-6300U, tarakimu 6 huonyesha kizazi cha sita, ambacho hakimo katika orodha ya Windows 11. I5-8250U ni kizazi cha nane, nayo imo. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zinaweza kufanana mezani lakini mustakabali wake ukatofautiana: ya kwanza ni ya kizazi cha sita, na ya pili mara nyingi ni ya kizazi cha nane. Mwenye mashine ya kizazi cha sita si lazima aitupe. Anaweza kujiandikisha katika mpango wa Microsoft wa kurefusha viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, au akahamia Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft, ambao unaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kipakatalishi cha binti yetu mkubwa tulikiwekea Mint, naye huandikia insha zake humo bila tatizo. Lakini mtu anayetegemea faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, azijaribu kwanza kabla ya kuaga Windows. Zile njia za kuilazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyofaa sizitumii, kwa kuwa Microsoft haitoi hakikisho kwamba mashine hizo zitaendelea kupokea viraka, na viraka ndivyo vilivyonifanya nihame.

Ikibidi kumwona fundi, mpelekee maelezo badala ya hukumu. Usimwambie kwamba window imekufa; mwambie kompyuta hukwama wapi, baada ya muda gani, na nini kilibadilika kabla ya hapo. Mwombe akuonyeshe hali ya diski katika CrystalDiskInfo kabla hajafuta chochote, na akibadilisha kifaa, akurudishie kile cha zamani. Diski iliyotolewa usimwachie, hata kama haiwaki tena, kwa sababu huenda bado inasomeka mikononi mwa mwenye ujuzi. Yangu ningali nayo ndani ya bahasha kabatini, nimeiandikia tarehe ilipotolewa na thamani ya C5 ya siku hiyo.