Mkimya hatakiwi mbele ya wateja?

SWALI: Shikamoo Mama. Nimepandishwa cheo, sasa nasimamia kitengo cha huduma kwa wateja chenye watu tisa. Mkurugenzi alitufanyisha sote jaribio la haiba, kila mmoja akapata herufi nne, kisha nikakabidhiwa jedwali la kuwapangia kazi kwa kufuata herufi hizo. Kuna kijana mmoja mkimya; jedwali linasema asikae na watu. Nikamhamishia kwenye majalada. Juzi kanifuata kuniuliza amekosa nini. Nimjibuje?
Msimamizi mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie hajakosa kitu, umrudishe kwenye meza yake ya wateja. Halafu tulitazame hilo jedwali.

Herufi hizo ni za jaribio liitwalo Myers-Briggs, kila moja ikionyesha upande mmoja wa tabia, kama ukimya au uchangamfu. Zilibuniwa Marekani na mama na bintiye, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, kutokana na mawazo aliyoyatoa Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, mwaka 1921. Hawakusomea saikolojia, ila mimi hilo halinisumbui. Wenye shahada nao nimeyaona yao. Linalonisumbua ni kwamba jaribio humweka mtu ama kwa wakimya ama kwa wachangamfu, ilhali wengi wetu tuko katikati. Ukilirudia baada ya wiki chache, unaweza kukuta herufi imebadilika. Hata wanaoliuza husema lisitumike kuchagua wa kuajiriwa.

Watafiti wa leo hupenda zaidi kupima sifa tano, kila mtu akiwa na kiwango chake katika kila sifa. Inayoendana na utendaji mzuri karibu katika kila kazi ni umakini: anayemaliza alichoanza. Uchangamfu husaidia zaidi kwenye mauzo na umeneja, na hata hapo si sana.

Niliwahi kusimamia mwanamke ambaye asubuhi nzima ungemsikia akitoa salamu tu. Mteja akija amefura, yeye anaandika. Mtu akimaliza kufoka, anamsomea: "Umelipa tarehe tatu, risiti hukupewa, na umeshapiga simu mara mbili. Nimekuelewa sawasawa?" Sauti ya mteja ilikuwa inashuka hapo hapo. Wasemaji wetu wawili hodari walikuwa wanamkatiza mteja kabla hajafika kwenye risiti.

Kwa hiyo kaa na kila mmoja peke yake, umuulize. Maelekezo anayapenda kwa mdomo au kwa maandishi? Katikati ya kazi anavumilia kukatizwa? Akitaka kusifiwa, mbele ya wenzake au faraghani? (Kukaripia usiulize, hiyo ni faraghani kwa wote.) Huyo kijana usimshtukize kikaoni kwa "wewe unaonaje?" Mpe ajenda jana yake, utashangaa atakavyochangia. Msemaji mwache aseme, ndivyo anavyofikiri, ila kabla hajanyanyuka aandike nani atafanya nini na lini. Na majibu hayo yasigeuke jedwali jingine: mtu mwenye mgonjwa nyumbani hawi yule yule wa mwezi uliopita. Rudi umuulize tena.

Mkurugenzi naye akitaka kujua mbona hukufuata herufi, usimbishie habari za Jung. Mpelekee daftari la malalamiko, mwangalie pamoja yaliyomalizwa na nani.