Kipimo cha uga wa sumaku kinachohama jua likipanda

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia mjini Tabora. Nimeunda kipimo cha uga wa sumaku wa dunia kwa kihisi ambacho ukinzani wake hubadilika kufuatana na uga, nikikusudia kurekodi mabadiliko yake ya kila siku, lakini ifikapo saa sita mchana usomaji huwa umehama kwa mamia ya nanotesla (kizio cha uga wa sumaku). Je, niongeze nguvu ya amplifaya?

Jibu: Usiiguse amplifaya kwanza, mwalimu, kwa kuwa itakuza kosa pamoja na ishara. Uga wa dunia huko kwenu ni takriban mikrotesla 33, yaani nanotesla 33,000, ilhali mabadiliko unayoyatafuta ni makumi ya nanotesla. Na kihisi chenye usikivu wa milivolti 1 kwa kila volti inayokilisha na kwa kila gausi (mikrotesla 100), kikilishwa volti 5, hutoa nusu mikrovolti tu kwa kila nanotesla 10.

Shaka yangu ya kwanza ni sifuri (volti inayotoka pasipo uga) ya daraja la Wheatstone, yaani sakiti ya vikinzani vinne iliyomo ndani ya kihisi; sifuri hiyo husogea kwa joto. Vihisi vingi vya aina hii vina koili ndogo ambayo, ikipitishiwa mpigo mfupi wa mkondo mkubwa kutoka kwenye kapasita, huupanga upya usumaku wa utando wa nikeli na chuma. Mpigo wa kinyume huugeuza. Soma volti baada ya kila mpigo, toa somo moja kutoka jingine, kisha gawa kwa mbili: sifuri itajifuta, kwa sababu ishara ya uga peke yake ndiyo hubadili alama.

Hata hivyo, usikivu wenyewe hupungua kwa takriban asilimia 0.3 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi daraja likilishwa volti isiyobadilika, na asilimia hiyo ya mikrotesla 33 ni karibu nanotesla 100, yaani zaidi ya kile unachokipima! Kulisha daraja kwa mkondo usiobadilika husaidia sana, ila tiba ninayoiamini zaidi ni kuufuta uga wa dunia kwenye kihisi kwa koili ya pili, kihisi kibaki karibu na sifuri, nawe upime mkondo wa koili.

Kisha, ili joto lisibadilike sana, kifukie kihisi ardhini ndani ya ndoo ya plastiki, mbali na mabati, nondo na reli, ukitumia skrubu za shaba.