Maswali ya Wasomaji: Parachuti ya Mtumba, Ninunue au Niache?

SWALI: Asalaam alaykum kaka. Mie kijana wa Paje, nafundisha kaiti hapa ufukweni mwaka wa sita sasa. Mwaka jana nikaenda Diani kule Kenya nikasomea kuruka na parachuti, mpaka leo nna miruko 34 na leseni ya mwanzo. Sasa kuna mzungu mteja wangu anarudi kwao, anauza parachuti yake, Sabre2 ya 150, ina miruko kama 700 ivi, kamba ni zile zile za kiwandani, kitambaa hakina hata kiraka na bei anayonambia ni ya kutupa. Uzito wangu kilo 78. Wenzangu wananambia wee upepo umeuzoea, kaiti ya 7 unaicheza kusi ikichachamaa, itakushinda hiyo? Nichukue au niache? Na nikipata ya kununua naanzaje kuirusha?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Iache. Ntakwambia kwanini na ntakwambia utafute ipi, mana sitaki udhani nakukataza mtumba, watu wengi tunaoruka parachuti yetu ya kwanza ilikuwa ya mtumba na iliyotunzwa inaruka vizuri miaka mingi tu.

Kwanza saizi. Hiyo 150 ni futi za mraba za kitambaa. Chukua kilo zako 78, ongeza nguo, kofia na mzigo wote wa mgongoni, weka kilo 12, jumla 90, ambazo ni kama paundi 198. Gawa kwa 150 unapata 1.32, yani kila futi ya mraba inabeba paundi moja na thuluthi. Mtu wa miruko 34 tunamtaka awe kwenye 1.0 au chini yake. Kwa 210 unapata 0.94, hapo sawa. Kwa 190 unapata 1.04, hiyo mwalimu wako akikuona unatua vizuri kila mara anaweza kukukubalia. Kwa hiyo tafuta 210, halafu utashuka saizi moja moja, na kabla hujashuka uwe unaweza kutua pale pale ulipokusudia, kwa upepo na bila upepo. Parachuti ndogo inakwenda mbio zaidi, inashuka kwa kasi zaidi, na ukivuta breki (zile kamba mbili za kuongozea, moja kila mkono) upande mmoja inapiga mbizi na kula urefu mwingi kabla haijanyooka tena.

Na hao wenzako wanaokwambia kaiti imekufundisha, wanakosea. Kwenye kaiti saizi unaichagua kwa upepo wa siku ile, upepo ukizidi unachukua ndogo, ikikushinda unaachia baa (kile kijiti unachoshika) nguvu zinakata, ukianguka unaanguka majini. Parachuti saizi yake inafata uzito wako, haina baa ya kuachia, na chini kuna ardhi. Tena mkono uliozoea baa ukishtuka unavuta upande mmoja haraka, na hicho ndicho kinachoumiza na kuua watu wengi kwenye mchezo huu: parachuti imefunguka vizuri, haina kasoro yoyote, mtu yuko karibu na ardhi anakwepa mnazi au anataka kugeukia upepo, anavuta breki moja kwa nguvu, inageuka kuelekea chini na urefu wa kuirudisha haupo. Nakuomba sana hili ulishike kuliko yote ntakayosema.

Sasa tuseme umepata 210. Wengi wanaangalia kitambaa na rangi, mie naanza na kamba. Kamba za Spectra, zile nyembamba nyeupe, zina tabia ya kufupika. Parachuti ikifunguka, slaida (kile kitambaa cha mraba chenye pete nne za chuma) inashuka kwa kasi na pete zinasugua kamba, joto lake linazikausha na kuzifupisha, na zinazofupika zaidi ni za pembeni na za breki, za katikati zinabaki na urefu wake. Matokeo yake parachuti inakuwa imevutwa vutwa, inafunguka kwa vishindo, au inapinda upande mmoja hata hujaigusa, na ukija kutua fulea yake (kule kuvuta breki zote mbili ili itue kwa upole) haina nguvu. Mtu anadhani kitambaa kimezeeka kumbe ni kamba. Zile za Vectran na HMA hazifupiki hivyo lakini zinalika, na zikishalika zinakatika bila kukupa taarifa, kwa hiyo ukiona manyoya manyoya usizizarau. Dacron ni nene, inachukua nafasi kwenye mkoba lakini inavumilia na inafunguka kwa upole. Kamba za Spectra wengi wanabadilisha zikifika miruko 400 mpaka 600, sasa hiyo ya mzungu wako ina 700 na za kiwandani, maana yake hata ingekuwa saizi yako ungeongeza dola mia kadhaa za kamba mpya na bei ya kutupa si ya kutupa tena. Kamba za chini za breki ndo zinaisha mwanzo kabisa, anzia hapo.

Kitambaa nacho kipo cha namna mbili. Za zamani nyingi ni F-111, kinapitisha hewa kidogo kikiwa kipya na kinazidi kupitisha kila ukiruka, baada ya miruko mia kadhaa fulea yake inakuwa hafifu hata ukivuta mpaka kiunoni. Za miaka ya karibuni zinatumia ZP ambacho hewa haipiti. Weka mdomo kwenye kitambaa, puliza kwa nguvu, ZP nzima haikupitishii kitu. Jaribu sehemu nyingi, hasa kitambaa cha juu katikati karibu na pua, mana pale ndo panaposhikwa na kusukumwa wakati wa kukunja. Angalia na rangi iliyopauka, jua linaua nailoni hata kama haijatoboka.

Jengine ni mkoba. Parachuti kubwa kwenye mkoba mdogo inaweza kung'ang'ania isitoke, ndogo kwenye mkoba mkubwa pini inalegea. Na kile kiparachuti kidogo kinachoivuta parachuti nje ya mkoba kina kamba yake ya ndani, nayo inafupika, ikifupika hakijai upepo vizuri na parachuti inachelewa kutoka. Yote haya mpe fundi wa parachuti mwenye leseni aitundike, apime kamba kwa jedwali la kiwanda, kushoto na kulia, kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, achana nae.

Kuirusha. Muruko wa kwanza usiende kucheza na wenzako angani, toka kwenye ndege uifungue juu mapema, futi 5,000 ivi, marubani uwe umewaambia. Slaida imeshuka, vyumba vyote vimejaa, breki umezifungua, basi tazama nyuma: mikono ikiwa juu kabisa kamba za breki ziwe na ulegevu, zifanye upinde kidogo, zikiwa zimekaza mkia unavutwa muda wote na fundi azirefushe. Halafu vuta zote mbili pole pole mpaka uhisi inataka kukata, yani kuacha kuruka na kuanguka, jua mkono umefika wapi, rudisha taratibu. Geuka kulia, geuka kushoto, jaribu fulea mara kadhaa kama unatua vile, jaribu na fulea ya mikanda ya nyuma, ile ya mabegani inayobeba kamba, siku kamba ya breki ikikatika utaihitaji. Mazoezi ya kukatisha yote yaishe ungali juu sana. Chini ni mambo matatu tu: ukienda na upepo uwe juu mita 300, ukikata upepo 200, ukiugeukia upepo 100, na kutoka hapo kona kubwa hakuna.

Na kama unaota kutua hapo kwenu Paje siku moja, jua kuwa mwanafunzi anazuiwa kuruka upepo ukizidi noti 12 ivi, kama kilomita 22 kwa saa, wakati kusi na kaskazi zenu zinazokuleteeni wateja mara nyingi zinapita hapo. Upepo ukitoka baharini juu ya mchanga ni safi, lakini nyuma ya minazi na mahoteli unavurugika, mvurugiko unafika mara 10 mpaka 20 ya urefu wa kile kilichouzuia, mnazi wa mita 20 hesabu mwenyewe. Maji yakitoka kupwa usidanganyike na uwazi ule, kuna vijiti vya mwani vya kina mama na urchini wenye miba, na kutua kwenye shamba la mtu ni kumharibia riziki yake.

SWALI: Kaka, mie niko Wete. Kaka yangu anaruka huko Ulaya, kanitumia mkoba mzima wa mtumba, ndani mna kile kikompyuta cha kufungua parachuti ya akiba, CYPRES ya 2009. Kinawaka. Kinafaa?

JIBU: Hakifai dada yangu, hata kikiwaka. Airtec wa Ujerumani, wanaovitengeneza tangu 1991, wamevipa umri: vya kabla ya 2016 miaka 12 na nusu, vya kuanzia 2016 miaka 15 na nusu. Chako kimemaliza muda. Mtu anaweza kupoteza fahamu angani na kitu hiki ndo kitakachomfungulia, usikiombe kifanye kazi baada ya umri wake. Na parachuti ya akiba mpelekee fundi aifungue aikague aikunje upya, Marekani sheria ni kila siku 180. Mwambie kaka yako akutumie na karatasi za fundi wa mwisho.

SWALI: Nimetua majini mita kama 20 kutoka pwani, parachuti imelowa maji ya bahari. Niifue na sabuni?

JIBU: Sabuni usiitie. Isikauke na chumvi, chumvi ikikauka inakuwa kama msasa kwenye kamba na kitambaa. Itumbukize kwenye maji matamu mengi, badilisha maji mara mbili tatu, na kisima chako kikiwa na chumvi chumvi tafuta maji ya bomba. Ianike kivulini, usiikamue. Hanesi na mkoba navyo vioshwe, akiba iende kwa fundi, kikompyuta kiende kukaguliwa. Na safari nyengine kama unaona kabisa unaingia majini, ukiwa juu legeza mkanda wa kifua, tua kwa fulea kama kawaida, na usijikate na parachuti (usiiachie ikutoke) mpaka miguu imegusa maji, mana juu ya bahari jicho haliwezi kupima urefu na watu wamejikata wakidhani wamefika kumbe bado.

SWALI: Nna parachuti ya paraglaidi, zile za kuruka mlimani. Naweza kutoka nayo kwenye ndege?

JIBU: Hapana, kabisa. Haina slaida, haikutengenezwa kufunguka ukiwa unaanguka kilomita 190 kwa saa, itachanika au itakuvunja wewe. Baki nayo mlimani.